Tundu la Chini

Kitanda cha binti yetu kina miguu minne, na kila mguu una matundu matatu. La juu liko usawa wa paja langu, la kati usawa wa goti, la chini usawa wa muundi. Chaga inayobeba godoro hufungwa kwa bolti kwenye tundu mojawapo; mtoto akikua, bolti hufunguliwa, chaga ikashushwa, ikafungwa tena. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa. Nimeifanya mara mbili tangu azaliwe, na sijawahi kufanya kazi ya mikono ikanikaa moyoni muda mrefu kama hii.

Tulikiagiza kwa fundi seremala hapa Machakos mjini, mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba. Vitanda alivyokuwa amevipanga kando ya barabara viking'aa vanishi vilikuwa vyote na kimo kimoja tu cha godoro, chaga imepigiliwa misumari katikati. Nikamwomba anitobolee matundu matatu. Akaushika mguu wa kitanda kimojawapo, akaugonga kwa kidole. "Mbao ya mbili kwa mbili ukiitoboatoboa hivyo unaikata nguvu," akasema. Alisema kweli. Tukakubaliana mguu uwe mnene zaidi, mbao ya tatu kwa mbili, saipresi iliyokauka vizuri, na kati ya tundu na tundu ziwepo sentimita 18 ili mbao isije ikapasuka. Nilikuwa nimekwenda na vipimo kwenye karatasi. Kutoka chaga ikiwa chini kabisa hadi ukingo wa juu, sentimita 66. Kati ya ufito na ufito, isizidi 6. Ndivyo sheria ya Marekani inavyotaka, na kipimo cha fito mtu anaweza kukihakikisha bila futi: mkebe wa soda ukipita katikati ya fito, nafasi ni kubwa mno, mwili wa mtoto nao utapita kichwa kikwame.

Fundi akataka pia kunitengenezea upande mmoja unaoteremka, mama asipate taabu ya kuinama. Nikakataa. Vitanda vya namna hiyo vilipigwa marufuku Marekani kwa uamuzi wa Desemba 2010 ulioanza kutekelezwa Juni 2011, baada ya vifo vya watoto wasiopungua 32 katika miaka kumi hivi. Upande unaoteremka hulegea, kona moja ikachomoka, mtoto akanaswa kwenye mwanya uliobaki kati yake na godoro. Hapa kwetu bado naviona vikiuzwa, na kila ninapoviona huumia, kwa sababu anayevinunua huwa anamhurumia mkewe.

Alizaliwa mvua ya Novemba ikinyesha, tukampa jina la mvua, na msomaji Mkamba ameshalijua. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Wiki za mwanzo hakuweza kuinama, na tundu la juu likamfaa sana: alimchukua mtoto na kumrudisha akiwa amesimama wima, mkono mmoja ukiulinda mshono. Siku hizo nilidhani tundu la juu ni la mtoto mchanga. Leo naona mtoto mchanga hana haja nalo. Asiyeweza hata kujigeuza, godoro likiwa juu au chini kwake ni mamoja. Tundu la juu ni la mama; ni la mgongo wake, la mshono wake, la usiku anaoamka mara nne. Tundu la chini ndilo la mtoto. Kila tunaposhuka, usalama wake unalipiwa na mwili wetu, na nadhani hapo ndipo wazazi wengi wanapochelewa. Wanajua la kufanya. Ila mgongo unauma, na mtoto jana alikuwa bado amelala pale ulipomweka.

Maelekezo ya madaktari wa watoto ni mafupi: godoro lianze kushuka mtoto anapoanza kuketi, na liwe limefika chini kabisa kabla hajajifunza kusimama. Neno zito hapo ni "kabla". Kabla ya lini? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti wa watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliofuatiliwa tangu wangali wachanga hadi walipotembea. Kuketi bila kushikwa, watoto wazima walianza popote kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama kwa kushikilia kitu, kati ya miezi 4.8 na 11.4. Tazama namba hizo zinavyopishana. Yupo mtoto anayesimama akishika ukingo wa kitanda wakati mwenzake wa umri uleule, mzima kama yeye, bado miezi minne aketi. Kalenda haimsaidii mzazi hapa. Anayesema "atashushwa akifika miezi sita" amemwekea mtoto miadi ambayo mtoto hakuitwa kuikubali.

Nasi huku tuna sababu ya ziada ya kutoitegemea kalenda ya vitabu. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, akaona watoto wa pale wakiketi na kutembea karibu mwezi mzima mbele ya watoto wa Marekani. Katika kutambaa hawakuwatangulia. Alichogundua, na kukichapisha mwaka 1976, ni kwamba kina mama wa Kokwet walikuwa wakifundisha: wanamketisha mtoto mahali palipochimbwa kidogo ardhini au palipozungushiwa nguo, wanamsimamisha mapajani, wanamtembeza. Walichokifundisha kiliwahi. Wasichokifundisha hakikuwahi.

Niliposoma hayo nilimwona mama yangu mwenyewe, ambaye tangu Novemba nyumba nzima inamwita Susu, kama Wakamba tunavyomwita bibi. Alikuja kutoka upande wa Kathiani mtoto akiwa na miezi minne. Alikunja leso tatu, akazifanya duara kama kata ya kubebea mtungi, akamketisha binti yetu katikati. Akaanguka kulia, akainuliwa. Akaanguka kushoto, akainuliwa. Kila asubuhi. Nyumba yenye Susu ni nyumba ambayo mtoto anafanya mazoezi, na godoro lake lazima lishuke mapema kuliko la jirani.

(Neno hilo hilo, susu, huko Pwani ni jina la kile kitu cha kamba kinachoning'inizwa darini kuhifadhia vyombo mbali na panya na paka, na watoto nao wamelazwa kwenye susu. Nimelifikiria sana. Kwa mtoto asiyejigeuza, juu ndiko salama. Chini ndiko kuliko na siafu, kuku na baridi ya sakafu. Inafika siku moja, hakuna anayeitangaza, ambapo kimo kilekile kilichomlinda ndicho kinachomtishia.)

Siku hiyo kwetu ilikuwa Jumanne mwishoni mwa Aprili. Alikuwa ameketi bila kushikwa kwa mara ya kwanza wiki mbili nyuma, tukapiga makofi, tukapiga picha, na nikasema nitashusha godoro Jumamosi. Jumamosi ya kwanza tulikuwa na mazishi Mwala. Ya pili mvua ilinyesha kutwa, nikawa nahangaika na paa. Usiku wa Jumanne niliingia chumbani kuzima taa nikamkuta macho. Ameketi ubavuni mwa kitanda, mikono yote miwili juu ya ukingo, kichwa na kifua vimevuka nje. Chaga ikiwa tundu la juu na godoro likiwa juu yake, ukingo uliobaki ulikuwa sentimita 20 tu. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama sakafu ya saruji kwa makini, kama mtu anayetazama mto kabla ya kuvuka.

Nilimshika. Hakuna kilichotokea, na sitaongeza chumvi kwenye jambo ambalo halikutokea. Lakini nilikaa naye kifuani muda mrefu nikisikia moyo wangu, wa kwake ukiwa umetulia.

Tulishusha usiku uleule, mke wangu amempakata kitandani kwetu, mimi chini na spana, tochi ya simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto. Nataka kusema wazi jinsi kazi hii inavyokwenda, kwa sababu haraka ya usiku ule karibu inizalishie hatari nyingine. Godoro hutolewa kwanza. Bolti hulegezwa zote nne kidogokidogo, ukifungua kona moja hadi mwisho chaga hulala upande na kuipinda mbao. Kisha kona zote huenda tundu moja. Mimi nilifunga kona ya nyuma kwenye tundu la chini na nyingine tatu kwenye la kati, nikagundua pale tu nilipoweka godoro na kuona limeinama. Nikaanza upya. Nilipomaliza nikakuta washa moja imebaki mkononi, nikafungua tena hadi nikajua imetoka wapi. Kitu chochote kinachobaki mkononi baada ya kufunga kitanda cha mtoto kina mahali pake, na mtoto asilazwe hadi mahali hapo papatikane. Mwisho nikakitikisa kitanda kwa nguvu zangu zote, na nikapima mwanya kati ya godoro na fito. Vidole viwili vikiingia kwa kubanana, sawa. Vikiingia na kucheza, godoro ni dogo kwa kitanda hicho.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitaji na fundi wa Machakos analijua. Jua letu la kiangazi hukausha mbao hadi zinasinyaa, na nati uliyoikaza wakati wa mvua inalegea bila kuguswa na mtu. Huwa nakaza zote kila tarehe ya kwanza ya mwezi. Mwezi wa Septemba mbili kati yake zilizunguka kwa vidole vitupu.

Susu alipoambiwa habari za Jumanne ile hakunilaumu. Alikaa kimya, akaendelea kuchambua ndengu, kisha akasema, "Mtaro huchimbwa jua likiwaka, mwanangu." Nikajibu, "Ndiyo, mama," na nilielewa kwa sababu nimezaliwa hapa. Vilima vya Iveti ninavyoviona kutoka dirishani vimekatwa ngazi hadi bondeni. Mtaro huchimbwa kukata mteremko, na udongo unaotoka hurushwa upande wa juu, ukawa tuta linalozuia maji; kazi hiyo inaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya udongo vya dunia nzima bila kutafsiriwa. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika Machakos kama nchi inayokufa, ardhi yote ikielekea mtoni. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuonyesha jinsi watu walivyoongezeka zaidi ya mara tano kufikia 1990 na bado ardhi ikapona. Sehemu kubwa ya jasho hilo ni ya kina mama wa mwethya, vikundi vya kusaidiana, waliohama shamba kwa shamba na majembe yao. Susu alikuwa mmoja wao. Anachokumbuka zaidi ni vumbi. Walichimba Agosti na Septemba, ardhi ngumu kama mfupa, mbinguni hakuna wingu, na kila mpita njia angeweza kuuliza maji yenyewe yako wapi. Mvua ikishaanza mtaro hauchimbiki; udongo unateleza, na uliokuwa wa kuokolewa umeshakwenda.

Kwa hiyo mara ya pili sikungoja nione. Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni, nikiwa nyumbani, binti yetu ana miezi sita na nusu na hajawahi kujaribu kusimama, niliishusha chaga hadi tundu la chini. Mke wangu aliuliza mara moja tu kama ni lazima iwe leo. Mshono ulikuwa umepona ila mgongo haujasahau. Nikasema ni leo. Wiki ya tatu baadaye tulisikia kitanda kikilia kwa kutikiswa, tukaingia, naye amesimama. Ameshika ukingo kwa mikono miwili, magoti yanatetemeka, anatutazama kwa uso wa mtu aliyefika safari. Ukingo ulimfika mabegani. Tukacheka wote watatu. Hiyo ndiyo zawadi ya kuwahi: kwamba siku mtoto anaposimama, wewe una nafasi ya kufurahi.

Lakini gharama ipo na naiheshimu. Kumlaza mtoto aliyelala usingizini kwenye tundu la chini ni kumteremsha kisimani bila kutikisa maji. Unainama hadi ukingo unakukata tumboni, mikono inanyooka, na sentimita kumi za mwisho ndizo anazoamkia. Mke wangu aligundua njia kabla yangu. Anapiga magoti kwanza, anamshikilia kifuani hadi pumzi yake ibadilike, ndipo anainuka taratibu na kumpitisha juu ya ukingo. Tunapiga magoti kila usiku sasa. Na kuna kitu kimeondoka ambacho sikujua nilikuwa nacho: wakati wa tundu la juu uso wake ulikuwa karibu na wangu, nikipita tu namwona. Sasa lazima nisimame, niegemee, nichungulie chini gizani hadi macho yazoee.

Jirani mwema alitushauri tuweke godoro la inchi 8 badala ya la 4, ili limwinue mtoto na kumpunguzia mama kuinama. Hesabu ya ushauri huo ni hii. Godoro la inchi 4 linakula sentimita 10 za ukingo, kwenye 66 zinabaki 56. La inchi 8 linakula 20, zinabaki 46. Mtoto wa kike wa miezi tisa ana urefu wa sentimita 70 hivi. 56 zinamfika begani, 46 zinamfika kifuani, na anayefikiwa kifuani anaweza kujimwaga nje. Godoro nene ni kama kuirudisha chaga zaidi ya nusu ya njia kuelekea tundu la kati huku wewe ukiamini iko chini. Mito, madoli makubwa na blanketi zilizokunjwa hufanya vivyo hivyo, kwa sababu mtoto anayesimama huvikanyaga vikawa ngazi. Baridi ya Julai hapa juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, ilitujaribu sana. Tulimvika nguo mbili za sufi na soksi, tukamlaza chali, na ndani ya kitanda hatukuacha kitu ila yeye, godoro gumu na shuka lililobana. Tangu miaka ya 1990, nchi kadhaa zilipoanza kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla usingizini vilipungua sana. Marekani vilishuka kwa karibu nusu.

Najua naandika juu ya kitanda ambacho nyumba nyingi za kaunti hii hazina. Mimi mwenyewe nililala na mama hadi alipozaliwa mdogo wangu. Hata hivyo kitanda cha watu wazima nacho ni tundu la juu, tena lisilo na ukingo, na mtoto anayejigeuza akiachwa juu yake peke yake mchana, mama yuko jikoni, yuko katika hatari ileile ya binti yetu usiku wa Jumanne. Mito haimzuii. Kitanda kilichosukumwa ukutani kinaacha mwanya. Kwa usingizi wa mchana teremsha godoro sakafuni, mbali na ukuta na kamba za pazia, umlaze hapo. Hakuna nyumba isiyo na tundu la chini. Na kama mtoto wako ameketi peke yake wiki hii, nakuomba usingoje Jumamosi.

Sasa ni Oktoba. Kwenye vilima vya Iveti watu wanazibua mitaro, vumbi jekundu linaonekana kutoka mbali. Kwenye miguu ya kitanda hakuna tundu jingine la kushukia. Hatua inayofuata ni kutoka kabisa, na madaktari huiweka mtoto anapofika sentimita 89, urefu ambao robo tatu yake ni karibu zile 66 za ukingo. Jana jioni nilimlaza sakafuni, mama yake akamnyoosha miguu, nikampima kwa futi ya fundi kutoka utosini hadi kisiginoni. Ana sentimita 73. Zimebaki 16.